Fundi wa Stima na Bima ya Watu Wake

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi, Nairobi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao zamu iliwazuia kuja.)



Katibu ameniomba niseme juu ya bima. Nilipomwuliza kwa nini mimi, alinijibu, "Kwa sababu wewe umekwisha ungua." Si mimi niliyeungua, kama mtakavyosikia, lakini hakukosea kunichagua. Mimi si wakili wala si wakala wa bima. Ni mfanya kazi wa reli, nilisoma shule ya msingi ya misheni, na haya nitakayosema niliyapata kwa kusoma hati polepole na kuwauliza watu wanaojua, baada ya kuchelewa.

Labda mwingine anajiuliza moyoni, chama cha wafanya kazi kina haja gani na bima ya makontrakta? Kontrakta ni tajiri, na matajiri wana watu wao wa kuwasemea. Basi na tuangalie watu waliomo katika chumba hiki. Ni wangapi ambao siku ya Jumamosi huchukua koleo na testa wakaenda kuvuta waya Pipeline, Kasarani au Ruaka? Msiinue mikono, foremani ana macho. Na ni wangapi wana ndugu au shemeji aliyetoka hapa karakana na akiba yake akafungua kampuni ndogo ya stima, gari moja na ngazi mbili? Huyo ndiye kontrakta ninayemsema leo. Jana alikuwa mwanachama pamoja nasi. Leo ana vijana watatu wanaomwita bosi.

Kazi yenyewe ni nyingi, hilo halina ubishi. Reli ilifika hapa Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa matope na maji ya Wamasai, na mji ukaota kandokando ya reli. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 ilikuta watu 2,143,254. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 4,397,073. Kwa miaka 20 mji uliongezeka mara mbili na zaidi. Watu hao wote hulala ndani ya nyumba, na nyumba zinapanda juu, ghorofa sita, saba, kumi, na kila chumba chataka taa na mahali pa kuchaji simu. Mwenye jumba ana haraka. Wapangaji huingia ghorofa za chini wakati zege ya ghorofa za juu haijakauka vizuri. Shikeni neno hilo la wapangaji, kwa maana ndilo lililomdhuru kijana wetu.

Mambo yalikuwa hivi. Shemeji yangu alifanya kazi nami hapa. Mwaka 2018 aliacha, akachukua akiba yake, akapata leseni kwa njia ya halali, akanunua drili, ngazi za aluminiamu na pikapu kuukuu. Hakuwa mtu wa ovyo. Waya zake zilikuwa zimenyooka, kila moja na rangi yake. Mwaka 2021 alipata kazi kubwa kuliko zote alizopata kabla, jumba la ghorofa saba huko Pipeline. Wakala wa mwenye jumba akamwambia kwamba hapana mtu kugusa ukuta kabla ya kuleta karatasi ya bima. Shemeji akaenda mjini asubuhi, akarudi jioni na karatasi. Ilikuwa na jina lake, muhuri wa kampuni, na shilingi milioni mbili zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mimi mwenyewe niliishika mkononi. Nikaona neno "bima", nikaona muhuri, nikaridhika.

Mimi nilikuwa nikimsaidia siku za Jumamosi. Alipohitaji msaidizi wa kila siku nilimpelekea kijana wa jirani yangu, aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi na amekaa mwaka mzima bila kazi. Mama yake alinisimamisha mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kazi ya stima si ya hatari?" Nikamjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi. Bima ipo, nimeiona."

Jumamosi ya tatu tulikuwa tukifunga zile waya nene zinazopanda kutoka chini mpaka juu, za volti 415. Swichi kuu ya chini ilizimwa. Shemeji aliizima kwa mkono wake, nami nilikuwapo. Lakini haikutiwa kufuli, wala haikuandikwa kibao. Wapangaji wa ghorofa ya kwanza wakaona hawana stima, wakamlilia mlinzi wa jumba, naye akaenda akaiwasha. Kijana alikuwa juu ya ngazi, ghorofa ya nne, mkono wake umo ndani ya boksi. Tulisikia mshindo kama wa tairi kupasuka. Alipoanguka kiwiko kilivunjika, na mkono wa kulia uliungua hata vidole viwili havikunji tena mpaka leo.

Tulimpeleka hospitali na pikapu ile ile. Usiku huo shemeji alikaa kwenye benchi na karatasi ya bima mfukoni, akaniambia, "Angalau hii tuliichukua." Baada ya wiki tatu barua ya kampuni ya bima ilikuja. Nilisaidiwa kuisoma na karani mmoja wa afisi yetu, kwa kuwa Kiingereza cha watu wa bima si kile tulichofundishwa na walimu. Ilisema kwa heshima sana kwamba hati hiyo hailipi madhara yaliyompata mtu aliye katika kazi ya mwenye bima. Na kweli sharti hilo limo ndani, ukurasa wa tatu, maandishi madogo. Hawakutudanganya. Sisi hatukusoma.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Bima aliyokuwa nayo shemeji ni bima ya watu wa nje. Drili ikimwangukia mpita njia, au waya yetu ikimchoma mpangaji, au bomba la maji likitobolewa na nyumba ya jirani ikalowa, hiyo ndiyo hati ya kulipa. Ni bima nzuri, kila kontrakta yampasa kuwa nayo. Tena ndiyo ile mwenye jumba anaitaka, na sababu yake ni wazi: inalinda mali yake na wapangaji wake. Mtu aliye juu ya ngazi hakumo akilini mwake. Mtu huyo ana bima nyingine kabisa, hati nyingine na malipo mengine, ambayo watu wengi huiita WIBA kwa jina la sheria yake.

Sheria hiyo ni ya Fidia kwa Madhara ya Kazini, ya mwaka 2007. Iliondoa ile ya zamani ya Fidia, Sura ya 236, ambayo baba zetu wa reli waliijua. Kifungu cha 7 chasema kila tajiri lazima achukue bima ya kulipa fidia ya wafanya kazi wake, na kuidumisha. Haisemi tajiri mkubwa. Haisemi kampuni yenye watu mia. Tena yahusu mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, na mwanagenzi anayejifunza kazi yumo vile vile. Kwa hiyo yule anayesema "huyu ni mwanafunzi wangu tu, nampa nauli" ajue kwamba sheria haikumsahau mwanafunzi.

Na fidia huhesabiwaje? Mtu akifa, au akilemaa kabisa asiweze kazi tena, ni mapato ya miezi 96. Akilemaa sehemu, daktari hutaja sehemu kwa asilimia, na fidia hufuata asilimia hiyo. Akiwa hawezi kazi kwa siku tatu au zaidi, hulipwa mapato yake wakati anapougua, mpaka miezi 12. Gharama za matibabu pia ni juu ya tajiri.

Kijana wetu alikuwa akipata shilingi 700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ndizo 18,200. Zidisha kwa 96, utapata 1,747,200. Daktari alimpa asilimia 25. Hiyo ni shilingi 436,800. Kama bima ya wafanya kazi ingalikuwako, kampuni ingalilipa. Kwa kuwa haikuwako, deni halikufutika, likamrudia shemeji kama mtu binafsi. Aliuza pikapu kulipa hospitali. Tulifanya mchango hapa, wengi wenu mlitoa, nami nawashukuru tena. Fidia yenyewe anailipa kidogo kidogo, na mpaka leo amefikisha 140,000. Baadaye alikwenda kuuliza bei ya bima ya watu watatu kwa mwaka mzima. Ilikuwa ndogo kuliko bei ya drili yake.

Wengine mtauliza, kwa nini kijana hakwenda kortini kudai zaidi? Nami niliuliza hivyo. Sheria hii imefunga mlango huo. Mtu aliyeumia kazini hupeleka dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si kwa hakimu kwanza. Mawakili waliipinga, Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwa sehemu mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikageuza mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikakata shauri tarehe 3 Desemba 2019 kwamba vifungu vile ni halali. Basi njia ni ya Mkurugenzi. Mtu akitoridhika na uamuzi wake, hupeleka pingamizi kwake huyo huyo ndani ya siku 60, kisha ndipo rufani huenda Mahakama ya Kazi. Na dai lenyewe lapasa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Nimekutana na watu waliokaa miaka miwili wakingojea huruma ya bosi, na bosi akiwapa mia tano mia tano ya unga mpaka muda ukapita. Mtu asipokee unga akasahau fomu. Apokee unga, na fomu aipeleke.

Tajiri naye ana muda wake. Akipata habari ya ajali yampasa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7, na mtu akifa ni ndani ya saa 24. Kampuni ya bima nayo yataka kuambiwa upesi. Hapa kuna jambo moja linalowatatiza mafundi wetu: hati nyingi zina sharti kwamba mwenye bima asikubali kosa wala asiahidi malipo kabla kampuni haijaruhusu. Fundi mwingine akisikia hivyo huogopa hata kumwinua mtu aliyeanguka. Kumpeleka mtu hospitali si kukiri kosa. Mpeleke. Piga picha ya mahali, andika majina ya walioshuhudia, halafu piga simu kwa bima siku ile ile.

Bima zingine nitazitaja kwa ufupi, maana saa inakwenda. Iko ya vifaa, drili na ngazi zikiibwa. Iko ya gari, ambayo kwa ajali za watu wengine barabarani sheria yailazimisha. Iko ile wanayoiita ya hatari zote za kontrakta, ambayo kwa majumba makubwa huchukuliwa na kontrakta mkuu au mwenye jumba. Ukiambiwa, "Usijali, jumba zima lina bima," uliza kama makontrakta wadogo wameandikwa ndani yake. Mara nyingine wameandikwa, mara nyingine hapana. Na hata ile ya watu wa nje yataka kuulizwa swali moja: je, yalipa moto ukitokea baada ya mimi kumaliza kazi na kuondoka? Stima si kama rangi ya ukuta. Kiungo kibaya chaweza kukaa miezi minane kikipata joto kidogo kidogo, kisha kikawaka usiku ambao fundi yuko kwao Kakamega. Baadhi ya hati hufunika wakati wa kazi tu. Neno hilo likikosekana, ombeni liongezwe.

Jihadharini pia na kuficha. Ada ya bima ya wafanya kazi huhesabiwa kwa jumla ya mishahara ya mwaka na aina ya kazi. Basi kuna makontrakta wenye vijana wanane wanaoandika wawili, wakidhani wamekuwa werevu. Siku kijana wa tano akianguka, kampuni huuliza orodha ya malipo, na jina lake halimo. Wengine huandika kwamba kazi yao ni kuuza vifaa dukani, kumbe kila siku wako ghorofani. Wengine hawana leseni, wamekodi jina la mwenye leseni. Kampuni ya bima huuliza leseni ya nani iliyofanya kazi hiyo, na hapo hadithi inaisha. Wala msidhani kwamba kuandikishwa NCA, ile mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ni bima. Cheti kile chaonyesha daraja lako la kazi tu.

Na pesa ya bima msimpe mtu njiani. Sheria ya Bima, Sura ya 487, yakataza kampuni kuchukua hatari kabla ya kupokea ada. Maana yake ni kwamba kama pesa zako zingali mfukoni mwa wakala, huenda huna kitu ila karatasi. Daini risiti ya kampuni yenyewe. Piga simu afisi kuu, taja namba ya hati, uliza kama inaishi. Angalieni pia kama kampuni imo katika orodha ya Mamlaka ya Bima ya mwaka huu. Kampuni za bima hufa kama watu. Kenya National Assurance ilikuwa ya serikali, na ilianguka mwaka 1996.

Sasa nataka kusema neno ambalo halitawapendeza nyote. Siku ya Jumatatu sisi tunakaa katika chumba hiki tukimlaumu tajiri wetu kwa glavu zilizotoboka, na tuna haki kumlaumu. Karakana hii ina kufuli za swichi kwa sababu watu wa chama walizipigania. Tunazijua. Tunajua mtu hapandi juu kabla kufuli haijafungwa na ufunguo kuwa mfukoni mwake mwenyewe. Halafu siku ya Jumamosi tunakwenda Pipeline, tunakuwa sisi ndio matajiri, na kijana wa watu tunampandisha ngazi ya aluminiamu bila kufuli, bila kibao, bila bima yake. Kufuli ile bei yake ni ndogo. Shemeji yangu alikuwa nayo nyumbani. Mimi nilikuwapo nikaona swichi imezimwa tu, nikanyamaza. Shauri hilo sijalimaliza na nafsi yangu.

Kwa hiyo ninyi mnaochukua kazi za siku za mapumziko, kabla ya kupanda ngazi ya mtu yeyote, hata awe ndugu yako, mwambie akuonyeshe hati mbili. Si moja. Akikuonyesha moja, soma ni ya nani. Tafuta maneno ya wafanya kazi, angalia tarehe ya kwisha, halafu uliza kama mshahara wako umo katika jumla aliyoipeleka. Akikasirika, basi umekwisha pata jibu lako. Na ninyi mnaoajiri, anzeni na bima ya wafanya kazi kabla ya ile anayoitaka mwenye jumba. Nimeongea na watano ambao wamekwisha fanya hivyo mwaka huu. Mmoja alisema kwamba siku hizi humwongezea mwenye nyumba ada hiyo ndani ya bei ya kazi, na mwenye nyumba hulipa bila kujua.

Kijana sasa yuko dukani, anauza swichi na balbu, huandika risiti kwa mkono wa kushoto. Mama yake hunisalimu kila asubuhi kama zamani. Hajaniuliza tena juu ya bima.

Nimeleta nakala za hati mbili, ya watu wa nje na ya wafanya kazi, majina yamefutwa. Ziko juu ya meza ya Katibu karibu na buli la chai. Yale maneno ya ukurasa wa tatu nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, na tafsiri yake nimeiandika pembeni. Ziangalieni kabla hazijamwagikiwa. Maswali nitajibu niwezayo. Yale ya SACCO mwulizeni Mweka Hazina, siyajui.